Kurasa za Ndila

Kila siku baada ya masomo, wanachama wa Chama cha Kompyuta walipangusa vumbi jekundu la Voi mezani kabla ya kuwasha mashine. Mwenyekiti wao alikuwa Mutheu wa Gredi ya Nane. Lakini sifa siku hizo zilimwendea Ndila, msichana mpole aliyetoka kijijini Wusi kuja kukaa na shangazi yake. Ndila alikuwa ameandika kurasa za maswali ya marudio, akaziweka kwenye kompyuta moja iliyokuwa seva, yaani mashine inayozihudumia nyingine. Mwanafunzi yeyote chumbani angeweza kuzifungua kutoka mahali alipoketi.

Jumanne moja jioni Mutheu alibaki peke yake. Naye alitaka kusifiwa. Akaweka kwenye seva programu ya ulinzi aliyopewa na kaka yake, ya kuzuia wavamizi. Programu ikamwuliza kama izuie mashine zote za nje. Bila kusoma vizuri, akabonyeza "Ndiyo", akaenda nyumbani.

Kesho yake, Jumatano, wakaja waamuzi wa mashindano ya shule kuzikagua kurasa za Ndila; wakizipenda, chama kingekwenda kushindana Mombasa. Kompyuta kumi na mbili ziliwashwa. Hakuna hata moja iliyofungua ukurasa.

"Mwalimu, hapa kwenye seva zinafunguka," Ndila alimwambia Mwalimu Tryphena, mlezi wa chama.

"Zinafunguka kwake peke yake!" Derrick, mwanachama mwenzao, alidakia, na chumba kizima kikacheka.

Mutheu aliiona alama ndogo ya ngao pembeni mwa skrini ya seva. Akajua ni kazi ya mkono wake, akanyamaza. Waamuzi wakafunga madaftari, na safari ya mashindano ya Mombasa ikapotea.

"Umetuaibisha," Mwalimu Tryphena alimwambia Ndila mbele ya wote. "Futa takataka hizo."

Ndila alimtazama Mutheu, kama anayeomba neno moja tu la kumtetea.

"Rudi Wusi ukapalilie maharagwe," Mutheu akasema.

Wenzake wakaangua kicheko. Ndila alifuta kazi ya muhula mzima, ukurasa baada ya ukurasa, machozi yakidondokea kibodi.

Kwa wiki mbili walimwita Maharagwe: gwarideni, darasani, kwenye foleni ya chakula. Akaanza kula peke yake nyuma ya tangi la maji. Baadaye akaacha kula kabisa shuleni.

Kisha Derrick akaandika kurasa zake mwenyewe. Nazo zikakataa kufunguka. Mwalimu akamwita fundi, Bwana Kimanzi, ambaye alitazama seva kwa dakika chache.

"Kurasa hazina kosa, Mwalimu," alisema. "Programu hii ya ulinzi inagombana na seva. Seva inakaribisha wageni, nayo programu inawafukuza wote." Akairekebisha programu ipitishe mashine za shule. Mara kurasa za Derrick zikafunguka kote chumbani.

"Nani aliiweka?" Mwalimu akauliza.

"Si ni Maharagwe!" sauti moja ikajibu.

Mutheu alisimama. "Ni mimi, Mwalimu. Nilibonyeza bila kusoma. Na nilijua siku ile ile ya waamuzi."

Ndila akaitwa. Mutheu akamwomba msamaha akilia.

"Ulijua wakati nafuta?" Ndila akauliza.

"Nilijua."

"Basi sitaki pole yako."

Mwalimu Tryphena alimwondoa Mutheu kwenye uenyekiti. "Ndila, mimi nilikuhukumu kabla ya kuuliza. Nisamehe," alisema. "Na nyinyi wengine mliocheka, sikieni. Kubonyeza bila kusoma ni kosa la mtu anayejifunza. Fundi amelitengeneza sasa hivi. Lakini kumwacha mwenzako aumizwe kwa kosa lako, tena ukamcheka, ni ukatili. Huo hauna fundi. Ukikosea, sema siku hiyo hiyo, kabla hajalia mtu mwingine."

Ndila alivuta kiti mbele ya seva kuanza upya. Mutheu alisogea ili amsaidie. Ndila akaweka mkoba wake kwenye kiti cha pili, akaandika swali la kwanza.