Viatu vya Barafu vya Gentille

Ukumbi wa barafu ulikuwa umefurika kama kituo cha mgao wa unga, tofauti ikiwa kwamba hapa Buffalo watu walikuja kutafuta baridi kwa hiari yao. Josiane alisukuma mlango kwa kiwiko. Alivaa koti la manyoya ya bandia lenye madoa ya chui, chini yake kitenge cha rangi ya machungwa kilichobaki kwenye harusi ya mtu mwingine, na buti za kisigino kirefu. Alimshika mkono binti yake Gentille, mwenye miaka mitano, aliyevishwa makoti mawili mpaka mikono ikasimama pembeni kama ya mwanasesere.

Josiane akatazama huku na huku, akabinua mdomo. Mambo gani haya! Watu wazima wenye akili zao wameacha vitanda vya joto Jumamosi asubuhi wakaja kukaa ndani ya friji. Wamama wa Kizungu wameshika vikombe vya kahawa vikubwa kama ndoo, wamevaa suruali za kulalia, nywele hazijaona kitana, na kila mtoto akidondoka wanapiga makofi. Kuanguka nako kunapigiwa makofi!

Asingekanyaga pale. Lakini shule ya Gentille ilitoa karatasi: watoto wa mtaa wa Black Rock wafundishwe hoki ya barafu bure, Jumamosi sita, na vifaa vyote wataazimwa. Mtoto alilia siku nne. Siku ya tano mama akasaini, huku akisonya.

Aliketi kwenye benchi, akaanza kuvuta kamba za viatu vya barafu alivyopewa dirishani. Mguu haukuingia. Akasukuma. Gentille akapiga yowe.

"Samahani, mama. Huyu mtoto ana soksi ngapi humo ndani?"

Kiswahili! Josiane akainua kichwa. Mbele yake alisimama mwanaume mrefu, mwembamba, mwenye jaketi la bluu la ukumbi na kofia ya sufu iliyochoka. Macho yake yalikuwa mapole, jambo lililomkera zaidi.

"Tatu. Kwani weye ni polisi ya soksi?"

"Hapana, mimi naitwa Gaspari. Naendesha lile gari la kusawazisha barafu."

"Ile inapiga deki?"

"Hiyohiyo."

"Bon. Rudia deki yako. Mutoto yangu hawezi kufa baridi juu ya ushauri ya mwanaume wa ndoo."

Gaspari akacheka, tena cheko la kweli, akapiga magoti kwenye zulia jeusi la mpira sakafuni. "Soksi tatu zinabana damu, mama. Damu isipopita ndipo mguu unapoganda. Avae moja, nyembamba." Alivua mbili, akazikunja vizuri, akampa Josiane mkononi kama mtu anayerudisha barua. Kisha akavuta kamba kuanzia chini, tundu kwa tundu, akakaza kwenye kifundo na kuacha nafasi kidogo juu. "Binti, simama. Inauma?"

Gentille akajibu kwa Kiingereza kwamba haiumi, na kwamba yeye ni simba.

Somo la kwanza, kocha hakuwafundisha kuteleza wala kushika gongo. Aliwafundisha kuanguka. Watoto ishirini wakajilaza kwenye barafu, wakageuka, wakapiga goti moja, wakainuka, wakaanguka tena. Josiane alisimama nyuma ya kioo akidharau kila kitu alichokiona. Ila Gentille alipoinuka mara ya nane peke yake, kofia ngumu imemfunika hadi puani, mama alijikuta anapiga makofi. Akaishusha mikono haraka na kutazama kama kuna aliyemwona.

Gaspari alikuwa amemwona.

Namba ya simu ya Josiane aliipata Jumamosi ya pili, kwa kisingizio cha kumjulisha ratiba ikibadilika. Ratiba haikubadilika hata siku moja, lakini simu zilikuja kila mchana, Josiane akiwa kwenye mapumziko katika nyumba ya wazee alikofanya kazi ya kuwaogesha na kuwalisha.

"Mama Gentille, umekula?"

"Weye unapenda nikule nini? Ulituma kitu?"

"Nimetuma salamu."

"Salamu haina mafuta, Papa Deki. Haina hata chumvi."

"Basi niambie, ulizaliwa lini, nijue siku ya kukuletea keki."

"Tarehe moja, mwezi wa kwanza."

"Hata mimi!"

"Haa! Kambi muzima ilizaliwa siku ile. Karani wa makaratasi alikuwa muvivu."

Wakacheka wote wawili. Gaspari alikuwa Mrundi aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Mtabila, upande wa Tanzania; Josiane alitoka Uvira, akakulia kambi ya Nyarugusu. Baba yake Gentille aliondoka mtoto angali tumboni, akaacha jaketi moja na ahadi nyingi. Tangu hapo Josiane aliwapima wanaume kama anavyopimwa samaki wa juzi: kwa mbali, na kwa pua. Huyu Gaspari alikuwa hanuki. Hilo lilimtia wasiwasi. Wiki ya tatu alijipaka rangi ya mdomo kwa ajili ya kwenda kuketi ndani ya friji, akajidharau mpaka alipofika mlangoni.

"Josi wangu, leo umependeza."

"Nani Josi wako? Ulininunua soko gani?"

Lakini aliketi karibu naye, na glavu zao zikagusana, na hakuna aliyezihamisha.

Kilichoharibu mambo ni viatu.

Vile vya kuazima vilikuwa vimekwaruzika, na ndani ya ulimi wa kiatu mtu alikuwa ameandika majina ya watoto wanne waliovivaa kabla, yote yamekatwa mstari. Josiane aliyasoma majina yale, moja moja. Kambini yeye alivaa viatu vya msaada miaka kumi: mwaka mmoja alipewa kiatu cha kushoto na kingine pia cha kushoto, akatembea navyo hadi shule. Aliapa mtoto wake hatavaa mguu wa mtu. Kwa hiyo Jumamosi ya nne aliingia ukumbini kwa mwendo wa bibi harusi, mkononi ana boksi. Viatu vipya! Vyeusi, vinang'aa, harufu ya dukani bado imo. Na kama mama yeyote wa kwao mwenye akili, alichukua namba mbili zaidi ya mguu wa mtoto, ili avikulie, akajaza pamba kwenye vidole.

Gaspari akavigusa. Akabonyeza mbele kwa kidole gumba, uso ukabadilika.

"Josiane, hawezi kuingia na hivi."

"Njo nini? Ni mupya!"

"Ni vikubwa. Kifundo kitalala upande, atavunjika. Viatu vya barafu si vya kukulia."

"Atavaa."

"Hataingia." Akaenda kwenye sanduku la ukumbi, akarudi na vilevile vya majina manne, akapiga magoti mbele ya Gentille. Wamama wa kahawa wakageuka. Mmoja akatabasamu, tabasamu lile la huruma ambalo Josiane alilijua tangu foleni za kambi.

Hapo akalipuka. "Unanizarau mbele ya bazungu! Unapenda waone mukimbizi hajui hata kununua kiatu! Na weye ni nani? Ni mutu wa deki! Mwanaume muzima anazunguka zunguka na maji, anafuta fasi batoto ba wengine bametembea! Hata nyumbani Burundi mwanaume haoshi chini!"

Gaspari hakuinuka. Alimalizia kufunga kamba, kisha akasema polepole, "Barafu haiangalii nani mkimbizi, Josiane. Inaangalia mguu tu."

Josiane akamnyakua mtoto, viatu vya barafu vikiwa miguuni, akambeba hadi garini. Akamvulia huko huko. Simu iliita siku sita. Hakupokea. Siku ya saba haikuita, na hilo likamuuma kuliko zile sita.

Tantine Emérence, dada wa marehemu baba yake, ndiye aliyemlea Josiane, na ndiye ambaye mwanaume yeyote angepaswa kupita kwake. Aliishi Gahanna, pembeni mwa Columbus, kwenye nyumba ambayo makochi yalivishwa nailoni na hayakuvuliwa tangu yanunuliwe, hata ukikaa yanakulalamikia. Alipigiwa simu katikati ya wiki ile, akasikia kila kitu, akafurahi.

"Mutu wa ndoo! Seigneur! Donc kuya kwangu mwisho wa wiki. Salomon anatoka Louisville kukuona. Ule ni mwanaume: ni mukubwa, shefu kwenye depo pale Jeffersontown, banamuogopa."

Salomon alifika Jumamosi na suti ya rangi ya zambarau, viatu vilivyochongoka kama vya kuulia mende, na manukato yaliyomtangulia mlangoni dakika nzima. Alizungumza kuhusu Salomon. Alipomaliza alipumzika kidogo, akaendelea kuhusu Salomon. Gentille alipomwambia kwamba yeye ni mchezaji wa hoki, akamcheka.

"Mutoto mwanamuke na fimbo? Ukikuya Louisville tutaacha hiyo ujinga. Bon, leo nitawapeleka kwenye barafu, muone kama na mimi najua mambo ya bazungu."

Kwenye ukumbi wa barafu wa Columbus, msichana wa dirishani aliuliza mguu wa mtoto ni namba ngapi. Gentille akaitaja kwa Kiingereza, wazi kabisa.

Salomon akainua kidole. "Hapana. Tupe ya namba mbili mbele. Ikuwe kubwa, mutoto atakomalia mule."

"Lakini ni ya kukodi," Josiane akasema. "Ni ya saa moja."

"Na kisha? Kiatu ya mutoto banakamata kubwa. Njo desturi."

"Saa moja, Salomon! Atakuwa mukubwa saa ngapi? Mbele ya saa sita?"

"Usinifundishe."

Gentille akaingia barafuni. Hatua ya tatu vifundo vikalala ndani, kama miguu ya meza iliyolegea, akaenda chini kwa ubavu, na safari hii hakuinuka. Salomon alitazama viatu vyake vilivyochongoka, akatazama barafu, akakaa pale pale. "Muache, atazoea," alisema, akatoa simu akajipiga picha na kofia za watu nyuma yake.

Josiane aliingia na buti za kisigino. Alianguka mara mbili, mara ya pili kwa makalio, koti la chui likawa limelowa. Alimfikia mwanawe, akatambaa naye hadi ukingoni kwa magoti. Mguu ulikuwa umeteguka kidogo tu. Yule mjinga wa suti ya zambarau alisema yaleyale aliyoyasema Josiane kule Buffalo, kwa sauti ileile. Tofauti yao ni manukato. Aliona aibu mpaka akataka kucheka, kisha akacheka kweli, mbele ya watu.

"Unacheka nini?" Salomon akauliza.

"Nacheka Josiane. Rudia Louisville, papa. Batu ba depo banangoja kukuogopa."

Akampigia Gaspari akiwa bado kwenye benchi, mkono mmoja umeshikilia barafu iliyofungwa kitambaa kwenye mguu wa mtoto.

"Halo," akaitika. Sauti ilikuwa kavu.

"Gaspari, ni miye. Gentille ameanguka."

"Ameumia wapi? Anaweza kukanyaga? Vidole vinacheza?" Maswali matatu mfululizo, yote ya mguu. Josiane akajibu moja moja.

"Nilikosa," Josiane akasema.

"Ulinitukana kazini kwangu, Josiane. Bosi wangu haelewi Kiswahili, lakini sauti aliielewa. Wiki nzima vijana pale wananiuliza nilimfanya nini yule mama. Msamaha wa simu sitaki."

"Unataka ya namna gani basi?"

"Ulinivunjia heshima pale ukumbini. Unapajua."

Akakata. Josiane akaitia simu mfukoni. Hakuwahi kumwomba mwanaume msamaha hadharani, na hakukusudia kuanza uzeeni, ingawa alikuwa na miaka thelathini tu.

Aliendesha gari kwa saa tano na nusu kurudi Buffalo, akibishana na usukani. Jumamosi ya sita mguu wa Gentille ulikuwa umepona, umerudi ndani ya viatu vya majina manne, na ukumbi ulijaa, maana siku ile watoto wangecheza mechi yao ndogo. Wamama wa kahawa walikuwepo wote. Gari la barafu lilikuwa limetoka tu uwanjani, na Gaspari alikuwa akishuka, theluji chafu imemrukia magotini. Alimwona, akasimama. Hakumsaidia hata kwa tabasamu.

Josiane akapanda juu ya benchi.

"Gaspari! Nilikutukana hapa, mbele ya hawa. Nilisema weye ni mutu wa bure. Nilisema uongo. Weye njo ulijua mutoto yangu kuliko miye, na miye niliangalia macho ya batu, sikuangalia mutoto." Wamama wakamkodolea macho. Akawageukia, akarudia yote kwa Kiingereza chake kilichovunjika, neno kwa neno, na kuongeza kwamba wanaweza kuacha kumhurumia sasa. Yule wa tabasamu akatazama ndani ya kikombe chake.

Gaspari akafuta kwanza theluji magotini, muda uliomtosha Josiane kujuta mara tatu. Kisha akaja, akanyoosha mkono kumshusha.

"Shuka, utavunjika na visigino hivyo."

"Umenisamehe ao unanionea tu huruma?"

"Nimekusamehe. Huruma sina; umeniharibia wiki mbili." Hakuuachia mkono. "Nimtume nani kwa Tantine wako?"

Josiane akasahau kubinua mdomo. "Kutuma juu ya nini?"

"Unajua juu ya nini, Josi. Nataka kukuoa, na huyo simba nimlee. Mzee Sebagabo, mkubwa wetu Warundi hapa, atakubali kuniongoza. Nipe tu siku."

Uwanjani kipyenga kililia. Watoto ishirini wakakimbilia kisahani kimoja cheusi kinachochezwa badala ya mpira na kuanguka juu yake wote kwa pamoja, Gentille chini kabisa. Josiane akapiga makofi hadi viganja vikamwasha, kisha akapiga simu Gahanna pale pale, kabla ujasiri haujamtoka.

"Tantine, bazee banakuya kwako Jumapili ijayo. Ni ba Gaspari."

"Gaspari gani? Ule wa kupiga deki?" Makochi ya nailoni yalisikika yakilalamika. "Josiane, umenizarau! Umefukuza shefu muzima! Sitafungua mulango. Unanisikia? Siwezi kupokea mutu wa ndoo mu nyumba yangu!"

"Nakusikia, Tantine."

"Sitapika! Hata chai!"

"Sawa, Tantine. Beko batu bane, banatoka mbali."

Kochi likalalamika tena. Josiane alisubiri, Gaspari amemshika mkono.

"Bane," Tantine akasema hatimaye, kwa dharau kubwa, kama anayehesabu sahani nne. "Na bale Barundi, banakula bugali ya muhogo ao ya mahindi?"