Abiria wa Nyuma Kushoto

Watu husema tairi haina mdomo. Wee! Ya nyuma kushoto kwenye jeep ya Claudine ililika upande wa ndani tu, mpaka nyuzi za chuma zikatokeza, na upande wa nje bado mpya kabisa. Jeep yenyewe ilikuwa ya fahari: viti vya ngozi, inajiinua na kujishusha kwa hewa. Benoît, mume wake, aliiringia mtaa mzima, kisha akafia humo humo, kiti cha nyuma kushoto, wakitoka Yangambi kukimbilia hospitali. Tangu mazishi Claudine hakulia. Alikula akiambiwa, akaoga akiambiwa, na shemeji zake wakamsema ana moyo wa jiwe.

Jafari, fundi wa Maniema mwenye gereji pale mjini Kisangani, alikuwa ameshabadilisha tairi hiyo na kunyoosha magurudumu, tena na tena. Safari hii alimvuta mama wa watu pembeni.

"Mama Claudine, nimepiga parallélisme, imepinda tena. Hewa iko bon, ressort, ile springi, iko bon. Lakini gari iko tupu na nyuma kushoto inalala, sawa mutu munene amekaa."

"Donc nini?"

"Donc siku ile papa Benoît alikufa, nani alifungua mulango akamwambia ashuke?"

Claudine akautazama mlango wa nyuma. Kwao, maiti iliyobebwa na gari ya nyumbani sharti iambiwe: tumefika, shuka. Siku ile watu walikuwa wakipiga mayowe, wauguzi wakavuta mwili, mlango ukafungwa. Hakuna aliyekumbuka.

"Papa amekwenda zake," Jafari akanong'ona, akakitupia jicho kioo cha nyuma na kuliondoa upesi. "Kiti ndiyo kilibaki bila mwenyewe. Ile inakaa humu si yeye, mama. Ni jini ya muto. Endesha mpaka mbele ya Kapalata, kule hakuna nyumba. Fungua mulango, sema 'shuka', basi. Usiite jina. Ukiipatia jina, italikamata."

"Na kama ni yeye?"

"Mama, aksanti, usiniulize ile."

Claudine akashika njia ya Kapalata mchana kweupe, jua la utosi. Hakuogopa. Hakuhuzunika. Harufu ya matope ya mto ikaanza kupanda kutoka nyuma, nzito, mbichi, na ngozi ya kiti ikalia kwa kukaliwa vizuri zaidi, na Claudine akakaza macho barabarani akijiambia bado kidogo, bado kidogo tu, nyumba zinakwisha, mpaka aliposikia kikohozi, kikavu, kifupi, kile kile ambacho Benoît alikuwa akikohoa kila akitaka maji na anaona uvivu kuomba, na hapo kitu kikakatika kifuani mwake, machozi yakamshuka mpaka shingoni, akalia kama hakuwahi kulia tangu kuzaliwa, na huku analia mikono yake ikageuza usukani kurudi nyumbani.

Msimlaumu. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa.

Alisimamisha jeep uani, akaufungua ule mlango kwa mikono miwili.

"Benoît," akasema. "Tumefika. Shuka, papa."

Jeep ikahema, ikainuka kwa nyuma taratibu, ikakaa sawa. Tope likadondoka chini, tone, kisha tone karibu naye zaidi.

Mama Germaine, mama mzazi wa Benoît, alikuwa barazani akichambua pondu, majani ya muhogo. Akainua uso, akatazama juu ya bega la Claudine, kisha akaanza kujikokota nyuma kwa makalio mpaka mgongo ukagonga ukuta.

"Claudine," akasema kwa sauti ndogo, "uyu mutu umeleta ni nani?"

"Mama, ni mutoto wako."

"Benoît mi nilimuzaa." Akazidi kujibana ukutani. "Uyu simujui."

Claudine alisikia. Alielewa pia, asidanganye mtu kwamba hakuelewa. Akajifuta machozi kwa kitenge, akapanda barazani, akasogea kando ya mlango wa nyumba, akampisha apite.