Ubeti wa Tatu

Kabla ngoma haijaingia, katika wimbo wa tatu wa santuri ile, kulisikika mtu akivuta pumzi. Seol Mi-ok alikuwa ameusikiliza wimbo huo hadi akaujua kila mkwaruzo, lakini pumzi hiyo hakuwahi kuisikia kabla ya Jumamosi ile.

"Shangazi, umebadilisha sindano?" aliuliza.

"Sijagusa kitu," akajibu Tak Gil-ja, mwenye mkahawa, ambaye kila mteja alimwita shangazi, huku akifuta bilauri.

Mkahawa ulikuwa juu ya duka la nyavu, bandarini Mokpo, na kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana mashabiki wa bendi ya Chumvi Nyeusi walikutana hapo kubishana. Siku hiyo walikuja watatu tu. Mi-ok alifanya kazi kwa daktari wa meno. Kaka yake, Byeong-cheol, alipiga gitaa kwenye harusi. Wa tatu alikuwa Guk Sang-tae, dereva wa lori la samaki, aliyejiona anaijua bendi ile kuliko walioianzisha.

"Ondoa nyimbo za watu wengine, bendi hii inabaki na nini?" alisema Byeong-cheol akitafuna ngisi mkavu. "Ule wa mabaharia wameutoa kwa wazee wa redio. Ule wa treni ni wa Wamarekani weusi, mpaka lile gitaa linalolia wameliiga."

"Kuiga si dhambi. Wewe kwenye harusi unapiga za nani?" akauliza Sang-tae.

"Za watu. Ila mimi sijisifu."

"Haya, na 'Mlango wa Maji'?" Sang-tae aliinyoshea kidole santuri iliyokuwa ikizunguka. "Huo ni wao, kila neno. Bisha."

Mi-ok alisema besi yake ni ya rege, imepunguzwa mwendo tu. Kilichomshinda ni uimbaji. Sauti ile inayopasuka katikati ya neno, kama mtu anayelia huku anaita, hakujua waliitoa wapi.

"Kisiwani Jindo," Gil-ja akasema.

Wote wakageuka. Kwa kawaida mama huyo hakuingilia mabishano yao.

"Mama mkwe wangu huuimba huko. Mtu akifa maji, ndugu zake huita mganga aioshe roho yake. Ubeti wa kwanza unamwita atoke baharini. Wa pili unamfungulia mlango. Wa tatu unamuaga aende zake. Hawa vijana wenu wamechukua beti mbili, wakaishia hapo."

"Labda wa tatu ulikuwa mbovu," Sang-tae akasema. "Bendi kubwa inajua kukata."

Mi-ok alicheka kidogo. Byeong-cheol alikuwa ameshasimama na kulitoa gitaa ukutani.

"Ngojeni niupige bila mbwembwe," alisema. "Tusikie ulivyokuwa kabla ya umeme."

Aliupiga vizuri. Ubeti wa kwanza, wa pili, akamaliza, na badala ya kuweka gitaa chini akarudi mwanzo. Harufu ikaingia chumbani, harufu ya tope la pwani maji yakikupwa na ya nguo zilizoloa siku nyingi, na Gil-ja akaenda kufunga dirisha akakuta limefungwa tangu asubuhi.

"Kaka, basi. Tumesikia."

Byeong-cheol hakumtazama. Alianza tena, kwa kasi zaidi, na uzi mmoja ukakatika ukamchapa shavuni ukaacha mstari mwekundu, naye akaendelea kubonyeza nyuzi zilizobaki kwa nguvu hata zikazama kwenye ncha za vidole, zikapita ngozi, zikapita nyama, damu ikateremka kwenye shingo ya gitaa na kudondokea viatu vyake huku uso wake umetulia kama wa mtu aliyelala.

Sang-tae, aliyedhani ni mzaha, aliweka kiganja juu ya nyuzi. Byeong-cheol akaliinua gitaa kwa mikono miwili akampiga nalo mdomoni. Meno yakatawanyika sakafuni. Sang-tae hakuwa ameanguka bado alipopigwa la pili, na mara hii taya lilivunjika, likaning'inia upande mmoja.

"Nani ameniita?"

Sauti ilitoka kinywani mwa Byeong-cheol, lakini ilikuwa ya mwanamke, na ilibubujika kana kwamba koo limejaa maji.

"Mmeniita. Mmenifungulia. Mbona hamnipeleki?"

Mi-ok alirudi nyuma mpaka akagota kwenye kaunta. Kaka yake, yule aliyemfundisha kuendesha baiskeli, aliyempigia gitaa mama yao alipokuwa anakata roho, alimshika nywele, akamgeuza, akamzamisha kichwa kwenye beseni la kuoshea bilauri na kumkandamiza humo, na Mi-ok alipopiga mateke na kufumbua macho ndani ya maji aliona, badala ya sehemu ya chini ya beseni, giza lililoshuka bila mwisho na nyuso nyingi nyeupe zikipanda kumlaki.

Gil-ja alichukua birika la chuma akampiga Byeong-cheol begani kwa nguvu zake zote. Mfupa ulilia. Hakuachia. Akampiga tena, kiwiko, hadi mkono ukalegea wenyewe, na Mi-ok akaibuka akitapika. Sang-tae, damu ikimchuruzika kifuani, alijitupa kwenye miguu ya rafiki yake na kuikumbatia. Wauza nyavu wa chini walisikia kishindo, wakapanda na kamba, wakamfunga kwenye nguzo.

Gil-ja akampigia simu mama mkwe wake.

Bibi huyo, Wol-seon, aliletwa na gari la jirani, mkeka wa majani kwapani na fagio mkononi. Hakutoa salamu. Alimfunua kope mgonjwa, akanusa pumzi yake.

"Aliyemwingia ameitwa na nani?"

"Na huyu mwenyewe, Mama," Gil-ja alinong'ona. "Kaimba beti mbili."

"Basi aliyeita hawezi kuaga, kinywa chake kimekaliwa. Ndugu yake yuko?"

Mi-ok akainua mkono.

Bibi aliukunja mkeka, akausimamisha kama mtu, akaufunika juu kwa kifuniko cha chungu kama kofia. Akachovya fagio kwenye maji ya majani machungu na kuanza kuuosha mkeka. Kila fagio lilipopita kwenye mkeka, Byeong-cheol alipiga yowe pale nguzoni na ngozi yake ilichubuka mahali palepale, kifuani, shingoni, mgongoni. Alijivuta kwenye kamba mpaka kifundo cha mkono kikateguka. Alijing'ata mdomo akautafuna.

"Shika maneno," Bibi alimwambia Mi-ok baada ya kumtajia ubeti wa tatu, "wala usiyakatishe hata akikulilia kwa sauti ya mama yako."

Na kweli alilia kwa sauti ya mama yao, akimwita Mi-ok kwa jina la utotoni, akisema anaumia, aache. Mi-ok alifumba macho, akaimba huku meno yanagongana:

*Maji yametulia, tua mzigo wako,*
*usigeuke nyuma, mlango twaufunga.*

Aliurudia mpaka sauti ikakauka. Mwishowe kaka yake alitapika maji meusi ya chumvi, mengi kuliko tumbo la mtu linavyoweza kubeba, kisha akainamisha kichwa na kulia kwa sauti yake mwenyewe. Vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vimeshikiliwa na ngozi tu.

Gari la wagonjwa liliwachukua yeye na Sang-tae. Bibi akaketi, amechoka, akifuta fagio lake.

"Wimbo huu nani mwingine anauimba?"

Mi-ok akaitazama santuri.

"Bendi, Bibi. Leo jioni wako Gwangju. Uwanja umejaa, sisi tulikosa nafasi."

Bibi alimtazama Gil-ja. Gil-ja akachukua funguo za gari.

Walifika jua likizama. Mlinzi wa lango aliuona uso wa Mi-ok, uliovimba na kupondeka, akasogea bila kuuliza tiketi. Ndani, maelfu ya watu walikuwa wamekumbatiana mabega wakiimba "Mlango wa Maji". Walifika mwisho wa ubeti wa pili na kurudi mwanzo. Jukwaani mwimbaji alikuwa amesimama juu ya mpiga ngoma, akimshindilia usoni chuma cha kushikia kipaza sauti, na miguu ya mpiga ngoma ilikuwa imeacha kutapatapa. Watu walishangilia. Walidhani ni sehemu ya onyesho.

Mi-ok aliwaacha nyuma Bibi na Gil-ja, akajipenyeza mbele mpaka akakwama. Akaanza ubeti wa tatu kwa koo lililopasuka, peke yake, kwa sauti kubwa kadiri alivyoweza.

Msichana aliyevaa fulana ya bendi akamgusa bega.

"Dada, samahani, unatuharibia," alisema kwa upole. "Wimbo huu hauna ubeti huo."

Kisha akageukia jukwaani, akaimba na wenzake, akiita.