Siku Ormscote Ilipozima Mioto Yake

Katika zama ambazo Waingereza walipigana kwa pinde na mikuki, na kuoga mara chache kuliko walivyopigana, kilikuwapo kitongoji kiitwacho Ormscote: vijumba vya udongo vilivyoezekwa nyasi, bila hata kanisa. Ardhi yote ilikuwa ya Bwana Rogeri, mtukufu aliyewapenda kondoo kuliko watu, kwa sababu watu hawaoti sufu. Sheria ya pale ilikuwa fupi: nyumba yenye moshi haivunjwi; jiko likipoa, nyumba ni ya bwana.

Mjane Hawisa aliijua sheria hiyo vizuri. Hata hivyo, Jumamosi Kuu, mkesha wa Pasaka, ilipofika, alilimwagia maji jiko lake, kama walivyofanya jirani zake wote. Dini ilitaka moto wa kale ufe, na moto mpya uliobarikiwa uletwe kutoka kanisani, ng'ambo ya kilima. Wakaenda wote wakiimba. Wote! Watu wazima wenye ndevu zao!

Walipokuwa wakirudi, kila mmoja na chungu chake cha makaa, walifika kileleni na wimbo ukakatika. Mapaa yote yalikuwa chini. Maksai wa bwana walikuwa wakiing'oa nguzo ya mwisho, na kondoo walishaanza kutafuna ngano changa.

"Mama yangu!" akanong'ona Thurstan mhunzi. "Tumejimaliza wenyewe."

Hawisa alikunja gauni, akateremka mbio, akawapenya kondoo, akamimina makaa juu ya mawe ya jiko lake na kupuliza. Moshi ukapanda, pasipo ukuta wa kuuzuia.

Fulk, msimamizi wa bwana, akamkodolea macho. "We mama, nyumba iko wapi?"

"Sheria yasema moshi. Habari za kuta umezileta wewe."

Fulk akaketi juu ya boriti, akatoa kipande cha jibini, akaingoja mvua. Nchini mwao mvua haina tabia ya kuchelewa.

Iliponyesha, wanakijiji walitandaza majoho yao juu ya moto na kuyashikilia. Watoto wakaanza kutetemeka. Thurstan akawa wa kwanza kuachia, mwanawe akikohoa mgongoni. "Nisamehe, dada." Wengine wakamfuata, mpaka Hawisa akabaki ameinama peke yake, maji yakimtiririka shingoni.

"Basi, mama," Fulk alisema, karibu kwa upole. "Moto umezimika."

Hawisa akayazoa makaa yaliyosalia mekundu, akayatia chunguni, akasimama.

"Haujazimika. Unahama."

Akaondoka bila kugeuka. Fulk akabaki na jibini mkononi, akiutazama moshi ule ukishuka bondeni, maana sheria ya bwana wake haikusema lolote kuhusu moshi unaotembea.