Nyeri Bila Kathure

"Naona umefika pahali ulikuwa unataka. Mimi sitakuvuta nyuma. Wacha tuachane kwa amani."

Thuranira aliusoma ujumbe huo mara tatu, amesimama katikati ya chumba chake mjini Nyeri, soksi moja mguuni, nyingine mkononi. Ilikuwa Jumapili, saa nane mchana. Tangu Jumamosi jioni hakuwa amezungumza na mtu, isipokuwa kumwambia mwenye duka, "Mkate moja."

Akampigia Kathure, mchumba wake. Hakushika. Mara ya tano ikashikwa.

— Kathure, huu ni mzaha?

— Mzaha gani? Si uko na maisha yako huko.

— Maisha gani?

— Nimeona status yako. Sofa ya ngozi, TV kubwa kama mlango, na vikombe viwili kwa meza. Viwili! Nikikuuliza, unasema, "Nyeri ni safi, huwezi elewa." Nikitaka kukuja, uko bize. Mimi si mjinga.

Thuranira akajishusha kitandani. Miezi minne nyuma alikuwa amefunga kinyozi chake, duka la kunyolea, huko Chuka na kuaga kwa maringo. Kila mtu anahamia Nyeri, aliwaambia watu, huko ndiko mambo yako. Angetengeneza nyumba nzuri, kisha amuoe Kathure.

— Hiyo sofa si yangu, akasema.

— Ni ya nani? Ya huyo mwenye kikombe?

— Ni ya duka la fanicha. Nilijifanya mteja. Vikombe wameweka wao, vya maonyesho.

— Ati nini?

— Nilipiga picha haraka kabla askari wa mlangoni hajanifukuza.

— Sasa wewe unakalia nini?

— Ndoo.

Alipoanza kusema, hakuweza kujizuia tena.

— Kathure, hapa nguo haikauki. Niliosha jinzi Jumatatu ya wiki jana, mpaka leo iko maji. Nalala na koti, kofia na soksi mbili mbili, na bado meno yanagongana.

— Na kazi?

— Kazi iko. Shida ni stori. Wateja wanaongea Gikuyu ya haraka, mimi nashika nusu. Juzi nikacheka sana, kumbe wanapanga matanga.

— Uui!

— Halafu kuna Mzee Wahome. Alisema kitu juu ya ndevu, nikaitikia kwa kichwa, nikanyoa zote. Kumbe alikuwa ananiambia nisiziguse. Alikuwa nazo tangu aoe! Bibi yake alikuja kinyozi kuniangalia tu. Hakusema kitu. Aliniangalia.

Kathure akaangua kicheko. Akacheka mpaka akakohoa, na mahali fulani katikati kicheko kikageuka kilio.

— Miezi minne, Thuranira. Miezi minne nalia nikijua umepata mwingine, kumbe umekalia ndoo!

— Nilikuwa nimeringa sana. Ningerudi na uso gani?

— Na ukiwa peke yako unafanya nini?

Dirisha lilikuwa jeupe kwa ukungu.

— Siku zingine napigia simu wale wa huduma kwa wateja. Sina shida yoyote. Nataka tu kusikia mtu akiniita kwa jina.

Kathure hakucheka.

— Jumamosi usitoke, akasema, na kukata simu.

Ijumaa Thuranira alibisha kwa jirani yake, Nduta, kuomba kiti cha mgeni. Hakuwa amewahi kubisha mlango huo. Nduta akamkazia macho.

— Kumbe wewe huongea? Mimi nilidhani ni bubu.

Kathure alifika siku ya pili yake, mchana, akiwa amelowa manyunyu. Alitazama kuta tupu na kamba ya nguo iliyokatiza chumba, akamtazama na Thuranira mwenyewe. Alikuwa amekonda.

— Mimi hapa sikai, akasema.

— Najua.

— Na wewe sikuachi hapa.

— Nitawaambia nini watu wa Chuka?

— Waambie ukweli. Kwani utakufa?

Walimrudishia Nduta kiti chake, na kesho yake wakasafiri kurudi Chuka. Jumanne Thuranira akafungua kinyozi chake cha zamani, na rafiki yake Njoka hakungoja hata mashine iwashwe. Aliuliza kwa sauti, mbele ya wateja wote:

— Bwana Nyeri! Mji imekushinda?

Thuranira alikung'uta taulo. Kathure alikuwa amesimama mlangoni.

— Mji haijanishinda. Nilimkosa huyu, nikashindwa kukaa.

Wateja walitazamana. Njoka alifungua mdomo kutafuta utani, akaukosa, akakalia kiti na kuinamisha kichwa anyolewe.

Jumapili iliyofuata pasta alisimama kutangaza wanaotaka kuoana. Akasema, "Thuranira, na..." Na kabla jina la Kathure halijasomwa, bwana harusi alikuwa tayari amesimama.