Jicho la Boila

Boila ilipozimika mara ya kwanza, Dympna Conefrey hakuogopa. Alikasirika. Alikuwa jikoni anamwogesha mtoto, jioni ya Novemba, giza limeshaziba madirisha, aliposikia ule mvumo wa nyuma ya nyumba ukikatika katikati kama mtu aliyezibwa mdomo. Rejeta za ukutani, zinazoletewa maji ya moto na boila, zikaanza kulia tik, tik, mlio wa chuma kinachopoa. Akamviringisha mwanawe kwenye taulo, akamlaza, akavaa mabuti ya mumewe na kutoka.

Kibanda cha boila kilikuwa hatua chache kutoka mlango wa nyuma. Taa nyekundu inawaka. Akabonyeza kitufe. Feni ikavuma, cheche zikatatarika, mafuta yakarushwa, moto ukashika, vuu! Joto lake alilisikia usoni. Halafu, tak, kila kitu kikanyamaza na taa nyekundu ikarudi.

Hilo ndilo lililomkera. Boila isiyowaka, unajua imeishiwa mafuta. Hii ilikuwa inawaka.

Na kulikuwa na harufu. Ya mafuta ya taa ilikuwepo, hiyo ni ya kila siku. Lakini chini yake ilikuwepo harufu ya makoti ya sufu yaliyolowa, makoti mengi pamoja, kama viti vya nyuma kanisani siku ya mvua. Aligeuka kutazama. Hapakuwa na mtu. Akarudi ndani haraka kuliko alivyotoka.

Mtoto wake, Senan, alizaliwa kabla ya wakati na alikuwa ametolewa hospitali majuzi tu. Assumpta, muuguzi wa wilaya, ndiye aliyepigilia kipimajoto ukutani kwa mkono wake, akachora mstari kwa kalamu nyekundu.

"Kikishuka chini ya hapa, dada, nikakikuta, namrudisha hospitali ya Sligo siku hiyohiyo. Sikutishi. Huyu hana nyama ya kupigana na baridi."

Dympna aliijua ile wodi ya Sligo. Alijua mtoto anaweza kurudi pale akatoka ndani ya sanduku. Kwa hiyo usiku ule yeye na mumewe, Malachy, walimlaza katikati yao, hita ya umeme ikikoroma miguuni bila faida yoyote, maana nyumba ilikuwa ya mawe, ya babu yake Malachy, yenye kuta nene zinazonywa joto kama mchanga unavyokunywa maji.

Fundi alikuja kesho yake. Fintan, mtu mnene, mchangamfu, aliyetengeneza boila za nusu ya jimbo la Leitrim.

"Umekibonyeza mara ngapi hicho kitufe, mama?"

"Nitahesabu saa ngapi? Nina mtoto mimi."

"Usikibonyeze tena. Mafuta yanajaa mle ndani. Siku moto ukishika sawasawa, utalipuka, nguo zako utaziokota kwa jirani."

Alibadilisha nozeli ya kurushia mafuta, akasafisha chujio, akatoa hewa kwenye bomba. Boila ikanguruma mchana kutwa kama paka aliyeshiba. Fintan akanywa chai, akala mkate wa soda, akaenda zake. Giza lilipoingia, tak.

Siku iliyofuata alirudi bila utani. Mara hii alichomoa kidude kidogo chenye kioo, akamwonyesha Dympna kwenye kiganja.

"Hili ndilo jicho lake. Kazi yake moja tu, kuutazama moto. Likiuona, mafuta yanaendelea kuja. Lisipouona linadhani moto umezimika, linafunga kila kitu. Akili ya mbuzi, lakini ndiyo inayokuzuia usiungue."

"Basi limekufa."

"Nimeleta jipya."

Akaliwashia kurunzi; likaona. Akalirudisha mahali pake, akawasha. Moto ukashika, wote wawili wakausikia. Tak.

"Linaona kurunzi, halioni moto?" Dympna aliuliza.

Ilikuwa inaingia jioni na mwanga umekuwa wa kijivu. Fintan alifungua kitundu cha kioo cha kuchungulia ndani, akapiga goti, akawasha tena, akaweka jicho lake mwenyewe pale. Dympna alimwona anaanza kusema neno na kuacha, akauona mkono wake ukitafuta ukuta, na ule moto ulikuwa unavuma, unavuma wazi kabisa, lakini uso wa fundi, ambao ungepaswa kumulikwa rangi ya chungwa, ulikuwa mweusi kana kwamba kuna pazia upande wa pili, mpaka ghafla kwa nukta moja ukamulikwa, mashavu, kope na jasho, kisha ukafunikwa tena polepole kutoka upande wa kushoto.

Tak.

Alikusanya spana zake bila kuzipanga.

"Kuna nini?" Dympna alinong'ona, asijue kwa nini ananong'ona.

"Palikuwa peusi. Halafu ule weusi ukasogea. Kama mtu kwenye benchi anampisha mwenzake." Alifuta mikono kwenye suruali, akafuta tena. "Halafu mwenzake akakaa."

"Fintan, usinichezee. Kesho muuguzi anakuja. Hitilafu ni nini?"

"Hamna hitilafu, mama," alisema akirudi kinyumenyume kuelekea garini. "Pamejaa."

Malachy aliporudi na lori la maziwa, alimkuta mkewe amekaa na koti ndani ya nyumba, mtoto kifuani chini ya koti, macho kwenye kipimajoto. Kilikuwa kimebakiza unywele kufika mstari. Alimwambia yote. Malachy hakucheka, na Dympna alikuwa ametegemea kuchekwa.

"Ilianza siku gani?" aliuliza Malachy, macho kwenye viazi vyake.

"Unajua siku gani. Siku ya Marehemu Wote. Tulitoka misa jioni ileile."

Malachy akaweka uma chini.

"Mama alikuwa anafagia meko usiku ule," alisema. "Anarundika moto mkubwa, anapanga viti kuuzunguka, mlango anaurudishia bila komeo, na sisi anatufukuza tukalale mapema. Wa nyumba hii wanarudi kuota moto. Usiku mmoja kwa mwaka. Wakipata joto wanaenda zao."

"Na mwaka huu?"

"Mwaka huu Mama yuko kaburini tangu Machi."

"Nakuuliza wewe."

"Mwaka huu nilitia komeo, nikatazama mpira."

Wote wawili wakageuka kuitazama televisheni. Ilining'inia pale palipokuwa na meko, meko pana la kuingia mtu na kiti chake, ambalo Malachy alikuwa ameliziba wakati wa kiangazi kwa matofali na plasta, ili joto lisitoroke. Tangu hapo moto wote wa nyumba ile ulikuwa ndani ya sanduku la bati, nyuma, nje.

"Wamekuta hakuna moto," alisema Dympna taratibu. "Wakazunguka nyuma kuufuata."

"Wewe ni mtu wa mjini, huyaamini haya."

"Siamini. Lete nyundo."

Walitoa televisheni, wakavunja. Masizi ya miaka yakamwagika, na baridi ikadondoka kutoka dohani kama ndoo ya maji. Malachy alikwenda kwa jirani akarudi na gunia la udongo wa kinamasi uliokaushwa, ndizo kuni za huko, akauwasha kama alivyomwona mama yake akifanya. Viti vya jikoni vikapangwa nusu duara.

"Tumpeleke mtoto chumbani," alisema.

"Chumbani ni barafu. Moto uko hapa. Atakaa hapa, na mimi nitakaa hapa."

"Dympna, hakai mtu. Mama mwenyewe alikuwa hakai."

"Mama yako hakuwa na huyu. Nenda kalale. Na usitie komeo."

Akavuta kitanda cha mtoto mpaka pembeni mwa meko, akakaa sakafuni nyuma yake, mgongo ukutani, akainamisha macho. Kwa muda ulisikika moto tu. Kisha mlango ukasukumwa, si kwa upepo, kwa adabu, kama asukumavyo mtu aliyegonga vya kutosha, na baridi ikaingia ikiwa imeshikana, ikapita mbele yake, ikapita tena, ikapita tena, na ile harufu ya sufu mbichi na tumbaku ya kiko na udongo uliofukuliwa ikajaa mpaka akaionja kwenye meno, na viti vikaanza kulia kimoja baada ya kingine, kila kimoja kwa uzito wake, hiki cha mtu mzito, hiki cha mtu anayejishusha kwa kushika magoti, na alipothubutu kuinua macho kidogo tu, hakuona mtu, aliona viti vitupu na juu ya kila kiti mvuke ukipanda, mvuke mwembamba mweupe, kama unavyopanda kwenye makoti yaliyolowa yanapokauka mbele ya moto, ila makoti hayakuwepo.

Kisha kiti kimoja kikasogezwa. Miguu yake ilikwaruza mawe ya sakafu, kidogo, ikatulia, ikakwaruza tena, mpaka kikafika kitandani kwa mtoto. Blanketi la Senan likabonyea.

Dympna alikuwa amechoka. Amechoka hospitali, amechoka baridi, amechoka kuogopa. Alisikia sauti yake ikitoka kavu, kama anaongea na watoto wa jirani.

"Oteni moto. Moto ni wenu na viti ni vyenu, kila mwaka, nimeahidi. Mtoto ni wangu. Mtoto msimguse."

Mvuke ulisimama pale pale. Mkono usioonekana, au chochote kile, ulibaki juu ya blanketi, na Senan, aliyekuwa akilia kila anapoguswa na mtu mgeni, alishusha pumzi ndefu na kulala.

Kisha nje, nyuma ya ukuta, bila mtu kubonyeza kitufe, feni ikavuma, cheche zikatatarika, na moto ukashika. Dympna akaisubiri ile tak. Haikuja. Boila ilinguruma, ikaendelea kunguruma. Jicho lilikuwa limeuona moto.

Kabla ya mapambazuko viti vililia tena, safari hii kwa kuachwa, na hatua za miguu zikatoka kwa utulivu wa watu walioshiba. Mlango ukarudishiwa. Dympna alikimbilia kitanda cha mtoto. Senan alikuwa mzima, mwekundu, ana joto hadi vidole vya miguu. Blanketi lilikuwa limekunjwa chini yake kwa mikunjo mikali, ya mtu aliyelaza watoto wengi, namna ambayo Dympna hakuwahi kukunja.

Alipita kiti kwa kiti kuvirudisha mezani, mkono juu ya kila kimoja. Baridi. Baridi. Baridi. Kile kilichokuwa kando ya kitanda kilikuwa na joto, joto la mtu aliyenyanyuka sasa hivi. Alikiacha. Alitengeneza chai, akanywa, akarudi kukigusa. Bado.

Malachy alitoka chumbani, akamwona amesimama pale.

"Mama hakuwahi kumwona mtoto," alisema kwa sauti ya chini, bila kuulizwa. "Alikuwa anauliza mjukuu atakuja lini, mpaka siku ya mwisho."

Dympna alitia udongo mwingine kwenye moto.

Assumpta alifika saa nne na mizani yake. Akatazama kipimajoto, akatazama mtoto, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu waanze kujuana.

"Huyu haendi popote, dada. Ona mashavu! Mmefanya nini?"

"Tumewasha moto."

"Basi endeleeni." Akamnyanyua Senan, akavuta kwa mguu kiti kilichokuwa kando ya kitanda, akaanza kujishusha.

"Siyo hicho," Dympna alisema. "Kina mwenyewe."

Assumpta alisita, nusu amekaa, kiganja kimeshagusa ubao. Alikiondoa kiganja, akakitazama. Alikuwa amezaliwa na kukulia huko huko Leitrim. Hakuuliza mwenyewe ni nani. Alikisukuma kiti taratibu mpaka kikarudi kilipokuwa, akampima mtoto akiwa amesimama.