Kengele ya Mtungi wa Hewa

Wiki ile zamu ya kengele ilikuwa yangu. Katekista wetu, baba Melkior, alikuwa anaumwa nyonga, kwa hiyo sisi akina mama wa kigango, kanisa letu dogo la kijijini, tulipokezana kwenda kupiga kengele ya sala ya Malaika wa Bwana kila jioni. Nilishakata majani ya ng'ombe. Nikamwachia binti yangu Pamela sufuria ya ndizi mekoni, nikachukua nondo ya kupigia, nikapanda kwenda kigangoni.

Kengele yenyewe ilikuwa mtungi wa hewa, ule wanaobeba mgongoni watu wa kupiga mbizi. Mume wangu Martin aliuleta Krismasi iliyopita, umekatwa kitako, akautundika kwa mnyororo kwenye mti wa mringaringa ulio mbele ya kigango.

Martin alikuwa mpishi. Kwanza aliwapikia wazungu wanaopanda mlima, halafu akachukuliwa kuwapikia wale wanaokaa siku kadhaa kwenye boti, wakila na kulala humo humo, wakizama kutazama samaki huko upande wa Pemba. Nilimcheka sana. Mchaga na bahari, wapi na wapi? Lakini kahawa ilikuwa imeanguka bei, soko huria hilo, na maji ukiyavulia nguo sharti uyaoge.

Krismasi ile aliniambia kwamba chini ya maji watu hawasemi. Anayepata shida hugonga mtungi wake. Mwenzake akisikia, naye hugonga. Maana yake: nimekusikia, fuata sauti.

Jingine alilisema kitandani, kwa kunong'ona.

"Mama Pamela, ile boti itatuua. Vyumba viko chini, na ngazi ni moja tu. Kuna kifuniko cha dharura darini, bosi amekipangia makreti ya bia juu yake. Tochi za wageni zinachajiwa palepale kwenye ngazi, nyaya ziko uchi."

"Umemwambia?"

"Nimemwambia. Ananiambia nikaangalie sufuria zangu."

"Basi usirudi, Martin."

"Nisiporudi, Pamela atasoma kwa pesa gani?"

Akarudi.

Jioni ile nilipofika chini ya mringaringa, upepo ulikuwa umelala. Hata jani la mgomba halikutikisika. Nikainua nondo.

Sijapiga bado.

Ngo... ngo... ngo.

Sauti ndogo, ya ndani kabisa, kama mtu anayebisha hodi kwa kifundo cha kidole. Kisha nikanusa. Dizeli. Plastiki inayoungua. Na chumvi, harufu ile ya nguo za Martin akirudi likizo. Nikaugusa mtungi, nikautoa mkono haraka. Ulikuwa wa moto.

Maji yakaanza kudondoka kutoka ndani yake, yakanilowesha miguu. Nikayaonja.

Maji ya bahari.

Ngo ngo ngo ngo ngo!

"Baba Pamela?" nikanong'ona. "Ni wewe?"

Niliogopa mpaka nikajikojolea, wala sioni haya kusema. Nifanye nini? Simu ya karibu ilikuwa Kiboriloni, kuteremka mwendo mrefu, na hata ningefika, ningempigia nani? Mume wangu alikuwa katikati ya maji, anateketea, na mimi mkononi nina nondo tu. Ndipo nikakumbuka. Mwenzake akisikia, naye hugonga.

Nikagonga.

Kimya... Halafu nikajibiwa.

Nikapiga tena na tena, nikilia, mikono ikichubuka. "Fuata sauti, Martin! Njoo huku! Njoo nyumbani, njoo!" Baba Melkior akatokea kwenye migomba akijikongoja na fimbo yake.

"Lukresia! Kuna msiba?"

"Shikamoo, baba. Sikiliza... tafadhali, sikiliza tu."

Akatega sikio. Nikamwona anafanya ishara ya msalaba.

"Acha, mwanangu," akanong'ona. "Hao si mmoja."

Sikuacha. Nani angeacha? Nilipiga mpaka kule ndani kukanyamaza, ghafla, na mtungi ukapoa.

Martin alirudi kabla ya wiki kwisha. Mzima! Nywele zimeungua upande mmoja, mikono ina malengelenge, lakini mzima. Nilimkumbatia palepale uani, nikacheka na kulia kwa pamoja. Nikamwambia nilivyomwita kwa kengele.

Akajitoa mikononi mwangu.

"Kengele gani? Mimi nilikuwa juu, namwaga maji ya vyombo. Wageni walikuwa wamejilaza chini, wanasubiri kuzama usiku. Moto ulianzia kwenye ngazi. Nikaruka majini. Sikugonga kitu, mke wangu."

"Nani aligonga, basi?"

"Wale wa chini. Wageni, na Hosea wa injini. Walikuwa wanagonga kifuniko. Tunaelea, tunawasikia, na boti yote inawaka, hatuwezi kuyafikia yale makreti." Akaitazama mikono yake. "Halafu wakaacha. Wote mara moja... kama watu waliosikia wanaitwa."

Boti haikuzama. Moto ulipozimwa waliivuta mpaka ufukweni, wakaondoa makreti, wakafungua kifuniko. Chini hapakuwa na mtu. Hata mfupa. Wapo wanaosema moto ulikuwa mkali mno. Waseme.

Mtungi tuliuzika kihambani, kwenye migomba yetu. Baba Melkior alinyunyiza maji ya baraka, na mama mkwe wangu akapanda isale juu yake, jani tunaloombea msamaha. Jioni ileile, kabla hatujawasha taa, tukasikia.

Ngo... ngo... ngo.

Ukutani. Nyumba yetu ilikuwa na mlango mmoja tu, kama nyumba nyingi za huku. Kulipokucha sakafu ilikuwa na nyayo za maji, na zilipokauka ziliacha chumvi. "Wanatafuta pa kutokea," Martin alisema. Akachukua sururu akavunja ukuta wa nyuma kwa mikono yake ileile yenye malengelenge, akaweka mlango wa pili.

Tangu hapo, kila jioni tunafungua milango yote miwili, tunakaa mekoni na Pamela, tumeshikana mikono. Mimi ndiye ninayesema, kwa sababu mimi ndiye niliyewaambia waje nyumbani.

"Piteni, jamani. Mlango ule pale. Piteni."

Asubuhi tunakwenda kutazama sakafu. Nyayo zimeingia kwa mlango wa mbele, kubwa na ndogo. Kwenye mlango wa nyuma ni pakavu.